Nani Ataushika Mpini?

Tumezoea kukutana katika ukurasa huu kwa habari za chanjo, uji wa lishe na homa za watoto. Mwezi huu naomba tuzungumze jambo lingine ambalo nalo linagusa afya na mfuko wa nyumba. Jambo hilo ni umbo la vitu tunavyovitengeneza na kuviuza.

Ukisafiri kwa basi kati ya Dodoma na Singida utaona mafuta ya alizeti yamepangwa juu ya meza kando ya barabara, yaking'aa juani. Kutoka Manyoni na Itigi inakuja asali. Wengine wanauza vitunguu, kuku wa kienyeji, karanga za kusaga, sabuni za mche na sabuni za maji. Nyingi za kazi hizi zimo mikononi mwa akina mama, na mapato yake hununua madaftari, sare na dawa. Ukiwauliza shida yao kubwa ni nini, wengi watakujibu neno moja: mtaji.

Ni kweli, mtaji ni mdogo. Lakini kuna mtaji mwingine tusiouhesabu, nao ni kufikiri vizuri juu ya kitu kabla ya kukitengeneza. Wataalamu huuita usanifu wa bidhaa. Watu wengi wakisikia neno hilo hudhani ni kazi ya viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani vinavyotengeneza magari na redio, au hudhani ni mapambo tu. Nataka tuone kwamba ni kazi ya mama mwenye sufuria moja ya sabuni pia, tena yeye anaihitaji zaidi, maana hana fedha za kupoteza kwa kubahatisha.

USANIFU NI NINI?

Tuchukue mfano wa fundi cherehani. Fundi mzuri hakati kitambaa kabla ya kukupima, na kabla ya kukupima hukuuliza maswali. Nguo ni ya kazi au ya harusi? Una mtoto anayenyonya? Asipouliza, mama anayenyonyesha atapata gauni zuri lenye zipu mgongoni, atalivaa mara moja na kulikunja sandukuni. Kitambaa hakikuwa kibaya, wala mshono haukuwa mbaya. Kilichokosekana ni swali.

Usanifu wa bidhaa ni maswali hayo hayo yakiulizwa juu ya jiko, jembe, mashine, chupa au kipande cha sabuni. Nani atakitumia? Ana nguvu kiasi gani? Atakishika vipi, atakisafisha vipi, atakihifadhi wapi? Je, fundi wa hapa ataweza kukitengeneza kwa vifaa alivyo navyo? Kikiharibika kitatengenezeka hapa hapa, au kitatupwa? Rangi na maua huja mwishoni kabisa.

MASHINE YA MKONO YA ALIZETI

Mfano mzuri kuliko yote tunao karibu, katika zao letu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa mafuta ya alizeti vijijini huko Arusha, uliowahusisha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na shirika la Lutheran World Relief. Mhandisi mmoja Mmarekani, Carl Bielenberg, aliyefanya kazi na shirika la Appropriate Technology International, alisanifu mashine mpya ya kukamua kwa mkono.

Kabla ya hapo mashine ndogo za kukamua zilikuwa za parafujo. Mbegu zilipaswa kupashwa moto kwanza, kisha zipakiwe, zikamuliwe, mashudu yatolewe, na kazi ianze upya. Kuni za kupashia moto, bila shaka unajua ni nani aliyezibeba.

Mashine ya Bielenberg ilifanya kazi kwa njia nyingine. Mbegu humiminwa juu na kushuka zenyewe ndani ya silinda. Mtu husukuma na kuvuta mpini mrefu, na mpini huo huendesha pistoni inayozisukuma mbegu kwa nguvu kwenye sehemu yenye mianya myembamba ya chuma. Mafuta hudondoka kupitia ile mianya, na mashudu hutoka mbele bila kusimamisha kazi. Hakuna moto wala umeme. Kuziacha mbegu juani kidogo kunatosha kuzilainisha. Na jambo kubwa kwa biashara ndogo ni kwamba mashine ile iliweza kutengenezwa na mafundi wachomeleaji katika karakana za hapa hapa nchini.

Lakini sikiliza sehemu ya pili ya habari hii. Mwanzoni mashine ilikuwa kubwa na nzito, na mpini wake ulitaka wanaume wenye nguvu. Basi tazama matokeo: alizeti ililimwa na kuvunwa na mama, mafuta yalihitajika jikoni kwa mama, lakini katikati pale alisimama mwanamume mwenye mpini, na ndiye aliyepokea malipo ya kukamua. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kumnyima mama kazi. Aliyeamua ni upana wa pistoni.

Sisi wauguzi tunalielewa jambo hili upesi kwa sababu ya mabomba ya sindano. Chukua bomba dogo na bomba kubwa, ujaze maji, kisha uyasukume yapite kwenye sindano nyembamba. Lile dogo unalisukuma kwa kidole gumba bila shida. Lile kubwa litakutoa jasho, maana nguvu yako imetawanywa juu ya eneo pana. Mashine ya alizeti ni hivyo hivyo. Wasanifu walipotengeneza mashine ndogo zaidi, yenye pistoni nyembamba, mama mmoja aliweza kukamua mafuta peke yake. Tena mashine ndogo ilitumia chuma kidogo, na bei yake ikashuka. Huko Kenya, katika miaka ya 1990, shirika la ApproTEC la Nairobi, ambalo sasa linaitwa KickStart, liliuza mashine ya namna hiyo kwa jina la Mafuta Mali.

Haikuwa bila hasara. Pistoni nyembamba hukamua mbegu chache kwa kila mvuto, kwa hiyo kazi huchukua muda mrefu zaidi. Pia mashine hizi zilitaka mbegu yenye ganda laini na mafuta mengi, kama ile aina ya Record. Ukiweka mbegu ya ganda gumu utachoka bure. Na leo kazi kubwa ya kukamua mkoani kwetu inafanywa na mashine za umeme. Hata hivyo somo limebaki pale pale: mashine ya kazi ile ile, kwa kubadilishwa vipimo tu, ilihama kutoka mikono ya mtu mmoja kwenda mikono ya mwingine, na fedha zikaifuata.

JIKO LENYE KIUNO

Mfano wa pili unatoka Nairobi, lakini inawezekana unao jikoni kwako. Ni lile jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, pana juu, jembamba katikati na pana tena chini.

Jiko la zamani la bati tupu, ambalo asili yake huko Kenya inatajwa kuwa ni mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli, lilipoteza moto mwingi ubavuni. Ukilisogelea lilikuunguza miguu, na ule moto ulioukaribisha miguu yako ulikuwa ni mkaa ulioulipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wakenya, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui na shirika la KENGO, walichukua wazo la jiko la udongo lililotumika nchini Thailand, wakaliunganisha na jiko la bati ambalo mafundi wao walikwisha kulizoea. Udongo huzuia moto usitoke ubavuni, na bati hulinda udongo usivunjike.

Umbo lake halikuchaguliwa kwa urembo. Kile kiuno hushikilia bakuli la udongo lisianguke chini. Kitako kipana hulifanya jiko lisipinduke mama anaposonga ugali kwa nguvu zake zote, na aliyewahi kumuuguza mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto anajua kitako kipana kina thamani gani. Udongo umewekwa juu tu, mahali penye moto. Chini panapoanguka majivu hapana udongo, kwa hiyo jiko si zito na gharama haiongezeki bure.

Jambo lingine linawahusu wenye biashara ndogo. Jiko hili lilisanifiwa ili kazi igawanyike. Mfinyanzi anafinyanga na kuchoma bakuli la udongo. Fundi bati, kama wale wa Shauri Moyo na Gikomba jijini Nairobi, anakunja na kupigilia bati. Mwingine anaunganisha na kuuza. Hakuhitajika mtu mmoja mwenye kiwanda kikubwa. Ndiyo maana jiko lilienea hata nje ya Kenya. Hapa Tanzania mashirika kama TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, yamefanya kazi ya miaka mingi kueneza majiko sanifu ya namna hii.

CHUPA NAYO HUSEMA

Sasa turudi kwenye meza zetu za biashara. Huenda hutengenezi mashine wala jiko. Lakini unafungasha, na kufungasha ni usanifu.

Tuanze na mafuta ya alizeti. Jua na joto huyaharibu mafuta upesi, yakapata harufu na ladha ya kuchacha. Meza iliyo juani yenye chupa nyeupe zinazopenya mwanga ni njia ya kuyaharibu tuliyoyatolea jasho. Kibanda cha nyasi hakina gharama kubwa. Kisha fikiri juu ya mnunuzi. Mama anayepika ana mikono yenye mafuta, na dumu la lita tano lisilo na mshikio litamponyoka. Chupa ya maji iliyokwisha kutumika, yenye shingo nyembamba, haisafishiki vizuri ndani. Na chupa au dumu lililobeba dawa ya mimea lisirudi jikoni kamwe, hata ukiliosha mara kumi.

Tuje kwenye asali. Asali safi huganda yenyewe ikikaa, hasa majira ya baridi. Ikiganda ndani ya chupa ya shingo nyembamba, mteja hawezi kuitoa. Atakasirika, na pengine atasema umemtilia sukari. Asali ile ile katika kopo la mdomo mpana linaloingia kijiko haimsumbui, hasa ukiweka karatasi ndogo yenye maneno haya: asali ikiganda, weka kopo kwenye maji ya vuguvugu. Asali haikubadilika. Ulichobadilisha ni mdomo wa chombo, na umeokoa jina lako.

Sabuni ya mche nayo ina somo. Anayekata kwa kisu kwa kukadiria hupata vipande visivyolingana. Wateja huchagua vikubwa, vidogo vinabaki, na mwisho huvitoa kwa bei ya hasara. Seremala anaweza kukutengenezea fremu ya mbao yenye waya zilizopangwa kwa vipimo sawa. Vipande vyote vitalingana, na vitaingia kwenye boksi bila kuacha nafasi. Mwenye duka atakayehesabu mara moja na kukuta idadi ile ile kila wiki ndiye atakayekuagiza tena.

HAPA NASEMA KAMA MUUGUZI

Kuna jambo moja ambalo naomba usilipite upesi. Akina mama wengi sasa wanatengeneza sabuni ya maji. Ina rangi ya kijani, ya njano au ya waridi, inanukia matunda, na inauzwa ndani ya chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma lebo. Anachosoma ni umbo la chupa, na umbo lile limemfundisha kwamba ndani mna kinywaji. Ndivyo watoto wanavyokunywa mafuta ya taa pia, ambayo bado yapo katika nyumba nyingi hata baada ya taa za sola kuenea. Hatari kupita zote ni magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale yanayoitwa kostiki soda. Yakimezwa huunguza mdomo na koo, na makovu yake yanaweza kuliziba koo hata mtoto ashindwe kumeza chakula.

Kwa hiyo bidhaa ya kusafishia ipewe chombo chake chenye umbo ambalo halifanani na kinywaji, kifuniko kigumu, na picha ya onyo itakayoeleweka na asiyejua kusoma. Kama huna budi kuanza na madumu, tumia makubwa yasiyofanana na chupa ya soda, na uyapake alama ile ile daima. Kostiki soda ikae kwenye chombo chake, juu, chini ya kufuli.

Na ikiwa mtoto amekwisha kumeza mafuta ya taa au kostiki soda, usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu, na kostiki soda huunguza mara ya pili. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kula. Msafishe mdomo, mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na uibebe ile chupa ili mganga aone alichokunywa.

Mama, usione kwamba hili ni suala la usalama tu na biashara ni suala lingine. Mteja anayeamini kwamba bidhaa yako haitamdhuru mwanawe atairudia, na atamwambia jirani yake.

UTAANZAJE?

Huhitaji kompyuta wala shahada. Fanya mambo haya matano.

Kwanza, chagua bidhaa moja tu, ile inayokuingizia zaidi.

Pili, mpe mtu asiye ndugu yako aitumie mbele yako, nawe unyamaze. Mwangalie anavyofungua, anavyomimina, mahali anapomwaga, mahali anapofuta mkono. Usimweleze. Kila mahali anapohangaika ni mahali pa kurekebisha. Mwangalie na bibi mwenye vidole vyenye maumivu, maana kifuniko anachokiweza yeye kitawezwa na wote.

Tatu, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha chupa, lebo na bei siku moja, hutajua kilicholeta wateja ni kipi.

Nne, jaribu kwa kiasi kidogo. Tengeneza vichache, uza, sikiliza, kisha uagize vingi. Kikundi kinachonunua lebo elfu moja kabla ya kujaribu kumi kimefunga fedha zake kwenye karatasi.

Tano, tafuta msaada uliopo. SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi mkoani kwetu, na hutoa mafunzo na ushauri wa vifungashio. Vyuo vya VETA vina walimu wa uchomeleaji na useremala wanaoweza kukutengenezea kifaa cha mfano. Arusha kuna TEMDO, iliyoanzishwa mwaka 1980, na CAMARTEC ya mwaka 1981, ambazo kazi yake ni kusanifu mashine na zana. Kwa chakula, Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalothibitisha ubora. Na ukipata jina na alama ambayo wateja wanaitambua, iandikishe BRELA kabla mwingine hajaichukua.

Kuna mama atakayesema, mimi nauza kidogo tu, haya ni ya wakubwa. Namjibu hivi. Kiwanda kikubwa hulipa watu waende vijijini kumchunguza mnunuzi, waone anavyopika na anavyohifadhi. Wewe unaishi naye. Unajua mkono wake, jiko lake, rafu yake na mwanawe mtundu. Ujuzi huo ambao wakubwa wanaununua kwa fedha nyingi wewe unao bure, na ukiacha kuutumia unawaachia wao soko.

Basi mwezi huu, kabla ya kuchemsha sabuni nyingine au kukamua gunia lingine, itwae bidhaa yako mkononi, uigeuze, na uiulize maswali tuliyoyaona: nani atakushika, atakufunguaje, na utamdhuru nani ukiachwa sakafuni? Fanyeni zoezi hili pamoja katika kikundi chenu, kila mmoja alete kitu kimoja. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.